Funguo mbili za kipokezi cha vitamini D
Mvuvi wa Wete akipigwa jua kutwa, ngozi yake hutengeneza vitamini D. Ini na figo huigeuza kuwa kalsitrioli, umbo lake linalofanya kazi mwilini. Hii ndiyo ufunguo wa kwanza: hushika kipokezi, protini ya ndani ya seli inayoipokea, kwa kiwango kidogo mno, nanomola tu, utumbo ukanyonya kalsiamu.

Asidi ya lithokoliki, ufunguo wa pili, yatoka kwingine kabisa: bakteria wa utumbo mpana huitengeneza kutokana na nyongo iliyoteremka kushughulikia mafuta ya pweza wa nazi. Huingia pango lilelile la kipokezi, ila kichwa chini miguu juu, na lazima iwe nyingi, kiwango cha maikromola, yaani mara elfu ya nanomola.

Kwa nguvu, kalsitrioli haina mpinzani. Lakini inayonistaajabisha mimi ni hii ya pili. Ni sumu, na mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba kipokezi kikiihisi, huamsha vimeng'enya vya CYP3A viivunje sumu hiyohiyo.