Kigong'ota Kashika Wembe: Katuni ya 1944 Bado Moto

Haya wadau, shikamooni wakubwa, mambo vipi wadogo! Leo tuko na The Barber of Seville, katuni ya yule ndege kigong'ota, Woody Woodpecker, ya mwaka 1944, kazi ya studio ya Walter Lantz. Ni dakika saba hivi, kwa hiyo usiniambie huna muda.

Kisa chepesi. Woody anakwenda kunyolewa, anakuta kinyozi hayupo, kaenda kupimwa afya jeshini, maana vita vilikuwa vimepamba moto. Basi ndege akajipa kazi mwenyewe. Mteja wa kwanza ni chifu wa wenyeji wa asili wa Marekani, na hapa nisifiche: sehemu hii imechacha. Kichekesho chenyewe ni kumcheka mtu kwa asili yake. Ukiwa na watoto, ruka.

Utamu unaanza anapoingia fundi ujenzi mwenye kofia ngumu, anataka huduma zote. Kofia inaondolewa kwa moto wa kuchomelea vyuma, jamani! Kisha Woody anashika wembe na kuanza kuimba Largo al factotum, ule wimbo wa kinyozi Figaro kwenye opera ya Rossini.

Sasa kodoa macho. Mwanzoni wembe unapita taratibu, kila kitu unakiona. Wimbo unavyozidi kuchanganya, mwongozaji James Culhane naye anazidi kufupisha vipande vya picha: wembe, uso, mdomo, wembe tena, mpaka Woody mmoja anakuwa kundi zima, wote wanaita Figaro! Figaro! Mteja wa watu roho mkononi. Hakuna aliyemwaga damu, hakuna bomu lililolipuka, ila wewe uliyekaa kwenye kochi unajishika shingo. Muziki ndio unaoshika usukani hapa, mkasi wa mhariri unafuata nyuma.

Sauti ya kuimba ni ya Lee Sweetland, na huyo anaimba kweli, si utani. Sura ya Woody pia imenyooshwa. Ukimlinganisha na yule wa katuni ya Knock Knock ya 1940, yule wa zamani anatisha kidogo.

Anayeitaka, imo kwenye seti ya DVD ya mwaka 2007. Na tafadhali, usiitazame kwa spika ya simu, utaikosa okestra yote ya mtunzi wa muziki wake, Darrell Calker. Chomeka hata redio ya sebuleni.

Alama zangu ni tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya chifu.