TAHADHARI: Mzee mwenye rozari pale Zócalo anauza "kibali" cha kumwona Bikira wa Guadalupe

Wapendwa mnaojiandaa kwenda Mexico City, hasa mnaolenga sikukuu ya Bikira wa Guadalupe tarehe 12 Desemba, someni hapa kabla hamjatoa hata peso moja. Nimepigwa, tena mbele ya mama yangu mzazi, kwenye safari ambayo nyote mnajua tuliingojaje tangu alipotoka hospitali.

Jamaa alitukuta nje ya Kanisa Kuu pale Zócalo, uwanja mkuu wa jiji, ndiyo kwanza tunatoka kusali. Mtu mzima, shati jeupe limenyooka kwa pasi, rozari ya mbao shingoni. Hakuanza na biashara. Alimwinamia mama, akampa mkono kwa mikono miwili kama wanavyofanya vijana wa kwetu waliolelewa, akauliza kama sisi ni Wakatoliki. Kusikia Tanzania tu, akapiga ishara ya msalaba. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo nani angemfukuza? Mama mwenyewe akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu katumwa." Akafungua albamu: piramidi za Teotihuacan, mji wa kale nje ya jiji, watu wako kileleni wamenyoosha mikono, halafu Basilika ya Bikira wa Guadalupe. Vyote siku moja, gari la kiyoyozi, chakula cha mchana, na misa. Pesos 1,900 kwa kila mmoja. Kisha akashusha sauti: kuliona joho la Mtakatifu Juan Diego, lile lenye picha ya Bikira, kunahitaji kibali, pesos 400 zaidi kwa kichwa, na vimebaki vichache. Akatoa vikaratasi viwili vyenye picha ya Bikira na muhuri mwekundu. Wino ulikuwa mbichi, ukanishika kidoleni. Nikamhesabia taslimu.

Asubuhi kikaja kigari chakavu, kiyoyozi chake ni dirisha. Mwenyewe hayumo. Moja kwa moja tukapelekwa dukani. Kijana mmoja akavunja ncha ya jani la maguey, ndugu yake mkonge wetu wa Tanga, akaivuta taratibu, ule mwiba ukatoka na nyuzi zake zikining'inia, sindano na uzi tayari. Akasema joho la mwaka 1531 lilifumwa kwa nyuzi hizo hizo. Mama machozi yakamtoka. Hapo hapo akawekewa mkononi sahani ya jiwe jeusi la volkano na bei yake. Wanajua wanachokifanya, mashetani wale! Asubuhi yote ikaishia humo, na vikombe vyao vya pulque, pombe ya maguey.

Teotihuacan tumefika jua la utosi, tukapewa dakika arobaini. Mji mzima ule! Piramidi ya Jua peke yake ina urefu wa mita 65 hivi, na kileleni tulikoahidiwa hakupandwi. Mlinzi akasema pamefungwa tangu 2020. Chakula cha mchana tukajilipia.

Lakini Basilika ndiko nilikotamani ardhi inimeze. Nimesimama mlangoni na vikaratasi vyangu, namnyooshea mlinzi, watu wananipita tu, wengine wanatembea kwa magoti. Mlinzi akavitazama, akamwita mwenzake naye avione, wakacheka. Kuingia ni bure. BURE! Joho lipo juu nyuma ya altare, chini yake kuna mikanda inayokusogeza taratibu na unapita mara utakazo, hakuna anayekuuliza karatasi. Misa zipo karibu kila saa, ila dereva alitupa nusu saa. Tukabaki tusali, akaondoka.

Mtu anayemtapeli bibi mgonjwa kwa jina la Bikira Maria anastahili pingu mchana kweupe, halafu arudishe hela za wote aliowala. Polisi wanapita pale pale kila dakika, wanamtazama! Nilirudi kumtafuta, nikaambiwa hajulikani. Namba yake haipokelewi. Afungwe, jamani, afungwe na yule wa dukani pamoja naye.

Mjue tu: hana ofisi, anataka taslimu, risiti haina jina. Kwenda piramidi panda basi lililoandikwa "Pirámides" kituo cha Autobuses del Norte, ni mwendo wa kama saa moja. Basilika shukeni metro ya La Villa-Basílica. Anayeondoka karibuni aniandikie, nimtumie picha ya hicho kikaratasi akijue.