Hema la kuotea nililonunua kwa ajili ya firigogo

Marehemu baba alikuwa akiotea kanga kando ya mto wa mchanga, kule kwetu Chamwino. Alikata matawi ya mgunga, akayapanga nusu duara hadi usawa wa kifua, na kabla jogoo hajawika alikuwa ameshaketi ndani na kigoda chake. Uficho ule haukumgharimu senti. Shida yake ni kwamba hauhamishiki. Kanga wakibadili mahali pa kunywa, kazi inaanza upya, na jioni mama anamtoa miiba viganjani.

Mimi siwindi. Ni mwalimu wa sekondari, napiga picha za ndege wikiendi na likizo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimfuata dume wa firigogo, ndege wa nyika anayefanana na njiwa, akiloweka manyoya ya tumbo. Manyoya yale hufyonza maji kama sponji, kisha dume huruka nayo masafa marefu hadi waliko makinda, nao huyanyonya maji humo humo kwenye manyoya. Nilitamani kuwaonyesha wanafunzi wangu jambo hilo kwa picha iliyopigwa hapa hapa kwetu Dodoma. Lakini firigogo akiona mtu amesimama karibu na maji, hatui. Anazunguka mara mbili, anaondoka.

Ndiyo maana mwezi wa sita nikanunua hema la kuvizia, aina ile wanayotumia wawindaji wa Marekani kwa kulungu na bata mzinga wa porini. Niliagiza kupitia wakala wa mizigo Kariakoo, likanifikia Dodoma kwa basi. Jumla, pamoja na usafiri, shilingi 430,000. Nimelitumia msimu mzima wa kiangazi, mara nyingi kwenye lambo la mifugo upande wa Bahi, mara mbili Hombolo.

Hema lenyewe ni la vitovu. Kila ukuta una kitovu katikati chenye fito nne za faiba zinazokwenda pembeni, na paa nalo lina chake. Unalisimamisha likiwa limejifunga kama mwavuli, unashika kamba ya kitovu, unavuta kwa nguvu, ukuta unatuna nje kwa kishindo. Ukimaliza kuta nne unaingia ndani, unasukuma paa juu. Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi na kidole kilichobanwa. Sasa ni dakika mbili, gizani, bila tochi. Wakati wa kulifunga anza na paa. Ukianza na kuta mtashindana nguvu. Kuna aina nyingine ya waya wa springi inayojikunja duara, nyepesi na ya bei ndogo. Nililijaribu la rafiki yangu: kulifungua ni sekunde, kulikunja ni nusu saa, na upepo ukivuma linabonyea hadi kitambaa kinakugusa uso. Kwa huku kwetu usilinunue.

Kabla ya vipimo na bei, angalia rangi. Mahema mengi ya aina hii yana madoa ya kijani, na hilo lina matatizo mawili. La kwanza, Dodoma ya mwezi wa nane haina kijani cha namna hiyo. Kuna udongo mwekundu, nyasi zilizokauka na vichaka vya kijivu. La pili ni zito zaidi. Mwezi Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa wananchi kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Hema si vazi, lakini sitaki kusimama porini nikimweleza askari tofauti hiyo. Nilichagua lenye picha ya nyasi kavu, rangi ya kaki tupu kwa mbali. Hata hivyo nililifunika kwa magunia mawili ya katani niliyoyapaka tope la pale pale lamboni, na kwenye vitanzi vya kitambaa vilivyoshonwa ukutani nikachomeka matawi ya mgunga. Baba angecheka kuona nimerudi kwenye matawi yale yale. Na msilifue kwa sabuni ya unga: sabuni nyingi zina dawa ya kung'arisha nguo, nayo hugeuza mwanga wa jua usioonekana kuwa mng'ao wa kibuluu, kwa hiyo hema lililofuliwa vizuri linawaka katikati ya vichaka. Maji matupu na brashi yanatosha.

Sasa upepo. Hapa ndipo muuzaji na mimi tunapoachana. Hema lilikuja na vigingi vinane vyembamba, kama vijiti vya mishikaki. Aliyevitengeneza alikuwa na udongo laini akilini. Udongo wa Bahi mwezi wa saba umekauka kama sakafu ya saruji. Vigingi vitatu vilipinda asubuhi ya kwanza, vingine vikaingia nusu. Huku kiangazi upepo unaamka na jua, na kufika saa nne unasukuma mfululizo kutoka mashariki. Saa nne na dakika chache ukuta wa mashariki uliingia ndani kama shavu la mtu anayenyonya muwa, kisha nikasikia mlio mkavu. Ufito umekatika. Faiba ikikatika inatoa nyuzi nyembamba zinazoingia kwenye ngozi na hazionekani. Niliwashwa kiganja siku nne.

Dawa yake ilipatikana kwa fundi wa kuchomelea pale Majengo. Alinikatia nondo ya milimita nane vipande vinane vya sentimita arobaini, akavinoa ncha na kuvipinda vichwa, vyote kwa shilingi 12,000. Kwa ufito uliokatika nilitumia kipande cha bomba la antena ya zamani ya tivi: nilichomeka ncha zote mbili humo nikajaza gundi ya epoksi. Umeshika mpaka leo. Pia nimeongeza kamba kwenye vitovu vyote vinne, kila moja ikifungwa kwenye kigingi mita mbili kutoka ukutani, na ndani naweka ndoo ya mchanga kila pembe. Tangu hapo halijabonyea, hata siku ambayo vumbi lilificha ng'ombe waliokuwa mita hamsini mbele yangu. Ukinunua hema la namna hii ukiwa Dodoma, Singida au Manyoni, hesabu bei ya nondo ndani ya bei ya hema.

Ndani ni jeusi tii, na huo ndio uzuri wake mkubwa kuliko madoa yote ya nje. Ukifunga madirisha ya nyuma na kuvaa nguo nyeusi, ndege aliye mita nane haoni kitu. Ukiacha dirisha la nyuma wazi, hata kidogo, mwili wako unaonekana kama kivuli ukutani. Nilipoteza asubuhi nzima kwa kosa hilo, na nililifanya kwa sababu ya joto. Joto ni kweli: kufika saa tano mle ndani hapakaliki, na mimi hutoka kabla ya hapo. Lita mbili za maji ni lazima.

Madirisha ya hema langu yanafungwa kwa vishikizo na ndoana, si zipu wala vile vitambaa vinavyonatana kama vya viatu vya watoto. Lipeni zaidi kwa hilo. Kitambaa cha kunatana kikibanduliwa alfajiri kinasikika lambo zima. Pimeni pia kimo cha dirisha dhidi ya kiti chenu. Mimi nilikwenda na kigoda cha Kigogo, kitu kizuri cha nyumbani, nikakuta macho yangu yako chini ya ukingo wa dirisha. Kiti cha plastiki kimetatua hilo.

Rafiki yangu mmoja, mwenye shotigani na kibali halali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, aliliazima siku mbili kwa ajili ya kwale. Alirudi na maoni yake: mtutu lazima utoke nje ya dirisha kabla ya kufyatua, la sivyo mlio mle ndani unaumiza masikio, na dirisha la pembeni ni jembamba mno kwa ndege anayekimbia. Kwake lilikuwa zuri kwa kusubiri, bovu kwa kugeuka. Alilirudisha likiwa safi, bila tundu.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haisemi ni watu. Siku ya kwanza nililiacha hema pale lamboni lisimame lenyewe, ndege walizoee. Nilikuwa nimeshatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini habari haikuwafikia wote. Asubuhi nikawakuta wazee watatu wamelizunguka. Nikasalimia, "Mbukwenyi." Wakaitikia, kisha mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wamekuja kupima ardhi tena?" Tangu makao makuu ya serikali yahamie kweli Dodoma, watu wa vijiji vya jirani wameona vigingi vingi, na hema geni kwao ni mwanzo wa habari mbaya. Nikawafungulia mlango, nikawaketisha kwa zamu kwenye kiti cha plastiki. Yule aliyeuliza alikaa muda mrefu akiangalia maji kupitia dirisha. Alipotoka akasema mbuzi wake walikuwa wameingia humo usiku, nisikasirike kwa kinyesi. Tangu siku hiyo mjukuu wake analilinda, nami namlipa.

Mjukuu huyo ndiye aliyenisaidia na hila ya kuingia. Ndege wakituona tunaingia wawili, na mmoja akatoka akaenda zake, wanaamini uficho umebaki mtupu. Kwa firigogo na njiwa inafaa kila mara. Kunguru hawadanganyiki.

Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tisa, saa mbili na nusu, walikuja kama thelathini, wakiita angani kabla sijawaona. Dume mmoja aliingia majini hadi tumbo, akatanua manyoya, akawa anajitikisa juu chini huku kichwa kimesimama. Nilikuwa mita tisa. Nina picha kumi na nne, na katika tatu kati yake unaona matone yananing'inia kifuani wakati anaruka. Wiki iliyofuata niliichapisha moja kwa ukubwa wa bango, iko ukutani kwenye maabara yetu.

Kwa 430,000, pamoja na nondo za 12,000, ningelinunua tena. Kwa anayeotea mahali pamoja mwaka mzima, matawi ya mgunga bado yanatosha. Wakala yule ana mawili ya kaki yamebaki. Mkimpigia, ulizeni kwanza kama fito za akiba zimo kwenye begi. Kwangu hazikuwemo.