Vichupa vinne vya kunusa na mapigo ya moyo wangu

Kwa majuma sita nimetumia seti ya mafuta ya kunusa yenye vichupa vinne: lavenda, waridi, limau na karafuu. Nilinusa asubuhi na jioni, nimevaa kifuani mkanda wa kupima mapigo ya moyo. Boksi linasema harufu zote nne hutuliza moyo. Kwangu karafuu ilifanya kinyume kabisa.

Kila nilipofungua kichupa cha karafuu, mapigo yalipanda kutoka 68 hadi kupita 80, viganja vikaloa jasho. Siku ya tatu ndipo nilipokumbuka. Yujinoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, hutumiwa pia na madaktari wa meno, na mimi utotoni niling'olewa magego mawili kabla ganzi haijashika. Pua ilikumbuka kabla yangu! Picha na sauti hupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachosambaza taarifa za hisi. Harufu haina mzunguko huo. Kutoka kwenye vifundo vidogo vya kunusia vilivyo juu ya pua, taarifa yake hufika moja kwa moja kwenye gamba la kunusia la ubongo na amigdala, sehemu ndogo ya ubongo ambako hofu tulizojifunza huwekwa. Amigdala ikishtuka huiamsha haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza mwitikio wa mwili, amri hushuka kwenye shina la ubongo, na neva za simpathetiki, zinazouandaa mwili kwa hatari, huukimbiza moyo na kufungua tezi za jasho. Kwa hiyo hakuna harufu inayoweza kuahidiwa kumtuliza kila mtu. Inategemea ulikutana nayo wapi.

Lavenda ilishusha mapigo hadi 61, nikafurahi sana. Kisha nikajaza kichupa kitupu maji, nikayanusa kwa pumzi ndefu zilezile: 63. Kumbe kazi kubwa ilikuwa ya pumzi, maana mtu akitoa hewa taratibu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huupunguza moyo kasi. Hata hivyo naendelea na lavenda, kwa sababu penye harufu nzuri navuta pumzi ndefu bila kujilazimisha. Maji niliyaacha baada ya siku mbili.

Waridi na limau ni nzuri, ila kifuniko cha limau kinavuja.

Mwenye pumu amuulize daktari kabla ya kununua, na anayetumia dawa za presha asiziache kwa ajili ya vichupa hivi. Natoa nyota tatu kati ya tano. Wangeruhusu mteja achague harufu zake mwenyewe, ningetoa nne.