Pete za kuinulia flanji ya choo: uzoefu wangu hapa Busia

Kama umepanga vigae vipya bafuni na flanji ya choo (lile duara la sakafuni linalounganisha choo na bomba la maji machafu) imebaki chini, nunua pete hizi za plastiki. Tumezifunga nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, na choo kimetulia, hakichezi wala hakivuji.

Choo chetu kinafungwa kwa flanji na pete ya nta inayoziba kati ya choo na flanji, mtindo wa Kimarekani, tulivyokikuta kwenye nyumba. Vyoo vingi vya hapa huunganishwa na bomba kwa mpira tu, na kama chako ni hivyo, pete hizi hazikuhusu.

Zege lililozunguka choo lilikuwa limeliwa na maji. Tukalibomoa, tukamwaga jipya, tukapanga vigae, na flanji ikawa imezama. Inatakiwa ikalie sakafu iliyokamilika, uso wake uzidi vigae kwa kama milimita 6. Fundi akasema, "Mama, tupandanishe nta mbili, itashika." Nilikataa. Nta ikishabonyezwa hairudi, na choo kikicheza kidogo tu maji machafu yanapata njia. Mama mkwe wangu ana magoti mabaya, akikaa uzito wote unaenda upande mmoja. Sikutaka choo kinachoyumba chini yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Unapaka silikoni chini ya kila pete, unazipandanisha mpaka urefu utoshe, kisha skurubu ndefu zinapita zote hadi kwenye zege. Ila pete huinua tu, hazinyooshi, na hilo pakiti haisemi. Flanji yetu ilikuwa imelala upande wa ukutani. Fundi alipoweka pima maji juu, kiputo kikakimbilia mlangoni. Akachomeka kabari nyembamba za plastiki upande ule wa chini, akizisukuma kidogokidogo kwa kidole gumba, mpaka kiputo kikasimama katikati ya mistari miwili. Akajaza silikoni pote palipobaki wazi, akakaza skurubu kwa kupokezana kama anayefunga gurudumu la gari. Tukaacha ikauke hadi kesho yake, ndipo ikaja nta mpya, moja tu. Karatasi niliyoizungushia chini ya choo baada ya kumwaga ndoo za maji ilitoka kavu kabisa. Nilifurahi mno.

Kasoro zipo. Skurubu za kwenye pakiti ni za chuma cha kawaida, na bafuni kwetu tunaoga na kufua humohumo; weka za stenlesi. Pete zenyewe Busia sikuzipata, ikabidi niziulizie sana maduka ya ujenzi Kampala. Tena nenda na vipimo: zimetengenezwa kwa bomba la Kimarekani la inchi 4, ambalo kwa nje ni milimita 114, na mabomba yetu mengi ni 110. Na kwa kuwa flanji inapanda, bolti za zamani za choo zitakuwa fupi, kwa hiyo nunua ndefu safari hiyohiyo.