Gari la kukodi lenye hema la paani kwa wikendi ya Safari Rally: linawafaa nani?

Kila Safari Rally, mbio za magari za Kenya, inapokaribia, magari ya kukodi yenye hema la paani huwahiwa mapema Nairobi. Kifurushi cha kawaida ni Prado au Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hema moja au mawili juu ya keria, turubai la kivuli ubavuni, friji ya volti 12 yenye betri yake, meza, viti, jiko la gesi na madebe ya maji. Tunayatathmini hapa kwa kazi moja tu, yaani siku nne za mbio Naivasha, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili.

Hukumu yetu ni hii: gari la aina hii linalipa kwa anayehama na mbio. Anayetaka kulala kando ya ziwa usiku zote akodi gari la kawaida na abebe hema la chini. Atatumia pesa kidogo na atalala zaidi.

Sababu ni kwamba hema la paani halibanduki garini. Barabara za mbio hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza kupita, kwa hiyo anayetaka nafasi nzuri Kedong au Hell's Gate huondoka kambini saa kumi alfajiri, hata mapema zaidi. Kabla hujawasha injini, kila mtu ameshashuka, godoro limekunjwa, ngazi imefungwa na kifuniko kimekazwa gizani. Hema la kitambaa linalofunguka kama daftari huchukua dakika kumi mikononi mwa wanaolijua, na zaidi likiwa limelowa. Lile la gamba gumu hufungwa kwa dakika mbili. Kwa Safari Rally chagua gamba gumu, ingawa wengi watakaoenea ndani ni watu wazima wawili. Familia yenye mtoto itahitaji la kitambaa lenye upana wa mita 1.4 au zaidi, na ikubali kuamka nusu saa mapema.

Faida yake inaonekana ukitazama ramani. Tangu mbio hizi zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kituo cha mafundi kimekuwa kwenye Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha, na mpangilio uliozoeleka umekuwa huu: Ijumaa ni Loldia, Geothermal na Kedong, karibu na ziwa na upande wake wa kusini. Jumamosi mbio huhamia Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, kule njia ya Nakuru. Jumapili hurudi Naivasha na kumalizikia Hell's Gate. Hatua, yaani vipande hivi vya barabara vinavyokimbiwa kwa kupimwa muda, hubadilika kiasi mwaka hadi mwaka, kwa hiyo subiri ratiba rasmi kabla ya kulipia kambi yoyote.

Mtu aliyelala Barabara ya Moi Kusini, kando ya Ziwa Naivasha, Ijumaa usiku ana safari ya giza hadi Elmenteita, kwenye barabara kuu moja na matrela ya Nakuru. Mwenye gari la kulala anahama Ijumaa jioni baada ya Kedong, analala upande wa Gilgil au Elmenteita, na asubuhi yuko karibu na lango. Hapo ndipo bei ya hema inapolipa. Jumamosi hatua zilezile hukimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana. Tazama mzunguko wa kwanza, kisha rudi Naivasha kungali mwanga. Anayesubiri hadi gari la mwisho la mchana atakutana na msongamano na giza, huku ana mzigo mzito juu ya paa.

Mzigo huo uhesabiwe kabla ya kusaini. Hema lina kilo 50 hadi 70, keria ya chuma 25 hadi 30, turubai la kivuli na vyuma vyake kama kilo 12. Tayari umekaribia kilo 100 bila kuweka dumu lolote la dizeli juu. Kitabu cha gari husema paa linabeba kilo ngapi gari likitembea, nawe mwombe mwenye gari akuonyeshe ukurasa huo. Watu wakilala juu gari likiwa limesimama ni suala tofauti, chuma hubeba zaidi. Gari likitembea, uzito wa juu hulifanya liyumbe kwenye kona na upepo wa Bonde la Ufa hulisukuma pembeni. Usizidi kilomita 80 kwa saa, na ukipita Mai Mahiu teremka kwa gia ndogo, usitegemee breki pekee. Pima pia urefu: Prado au Land Cruiser yenye hema hukaribia mita 2.3, na vizuizi vingi vya maegesho ya chini ya majengo huanzia mita 2 hivi. Kando ya ziwa matawi ya migunga huning'inia chini, na miba yake hupasua kifuniko cha hema.

Kwenye yadi, fungua hema lote. Usikubali kuambiwa liko sawa. Vuta kila zipu, tazama mishono kwa kuingia ndani na kufunga madirisha mchana (mwanga ukipenya, na maji yatapenya), inua godoro unuse ukungu. Kaza boliti zinazolishika hema kwenye keria, mara nyingi kwa spana namba 13, na uibebe spana hiyo: baada ya kilomita 50 za barabara ya mawe huwa zimelegea. Uliza hema lilipokunjwa mara ya mwisho lilikuwa kavu au la.

Umeme ndio sehemu inayotolewa ahadi nyingi. Friji ya lita 40 huvuta ampea 4 hadi 5 kompresa ikifanya kazi, na kwenye joto la mchana hufanya kazi karibu asilimia 40 ya muda. Hiyo ni ampea-saa 40 na kitu kwa siku. Ongeza taa na simu za watu wanne, unafika 50. Betri ya AGM (ya risasi, iliyofungwa) ya ampea-saa 100 haifai kutumika zaidi ya nusu, basi unayo siku moja kamili. Ya lithiamu yenye ukubwa uleule hutoa kama 85. Sola ya wati 100 hurudisha takriban 25 kwa siku ya jua, ikiwa haijafunikwa na hema lililofunguliwa na imefutwa vumbi. Chaja ya ampea 25 inayotumia nguvu ya injini hurudisha 25 nyingine kwa saa moja ya kuendesha. Kwa hiyo gari linalohama kila siku hujitosheleza, na linalokaa mahali pamoja huishiwa siku ya pili. Kama betri ya pili imeunganishwa kwa rilei (swichi ya umeme) tu bila chaja hiyo, kwenye magari mapya haitajaa sawasawa.

Kuna hitilafu moja inayowapoteza wengi: friji kuzima saa tisa usiku wakati betri ingali na chaji. Kosa huwa kwenye waya. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka mbele hadi nyuma hupoteza karibu theluthi ya volti moja kompresa inapovuta ampea 5, friji ikadhani betri imekwisha. Waya wa 6 hupunguza upotevu huo kwa zaidi ya nusu. Uliza umetumika upi. Ukikuta mwembamba, weka ulinzi wa friji (volti inayoifanya ijizime) kwenye kiwango cha chini kabisa na igandishe nyama nyumbani kwa vifurushi bapa, visaidie kushika baridi.

Maji: lita 10 kwa mtu kwa siku, nusu ya kunywa na kupika, nusu ya kuoga na kuosha. Watu wanne kwa usiku nne ni lita 160, yaani kilo 160. Usizibebe zote. Lita 60 kwenye madebe zinatosha, ukijaza tena unapohama. Chupa ndogo za maji ziache nyumbani, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi Kenya, na Hell's Gate ni hifadhi ya taifa. Sahani na vijiko vya plastiki vya kutupa vimo kwenye katazo hilo.

Jiko la wati 2,000 huchoma gramu 150 hivi za gesi kwa saa, basi mtungi wa kilo 3 unatosha kabisa, ule wa kilo 6 ni uzito wa bure. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharagwe na githeri huchukua muda mrefu, vichemshwe nyumbani vije vikiwa tayari kuungwa. Usiku huwa na baridi ya kweli, na godoro la paani hupigwa na upepo kwa chini. Mablanketi yanayokuja na gari mara nyingi ni mepesi, ongeza moja kwa kila mtu. Acha upenyo kwenye madirisha mawili, la sivyo pumzi zitageuka maji chini ya godoro.

Kuhusu viboko, hema la paani hukuweka juu yao, lakini choo kiko chini. Kando ya Ziwa Naivasha viboko hupanda kula majani usiku. Lala kwenye kambi yenye uzio wa umeme unaofanya kazi, muulize mlinzi unawashwa saa ngapi. Pasipo uzio usishuke ngazi gizani, weka ndoo yenye kifuniko ndani ya gari. Uliza pia kuhusu muziki, maana wikendi ya mbio kambi kadhaa za Naivasha hugeuka uwanja wa sherehe hadi alfajiri, na turubai halizuii sauti.

Kuhusu gari lenyewe, Land Cruiser 76 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabochaja, ni nzito na ya polepole, lakini kwa kazi hii tunaipendelea kuliko Prado: haina umeme mwingi wa kuharibika, na fundi wa Naivasha au Gilgil anaijua. Ikiwa na hema tegemea lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100.

Majira yamebadilika, na watu wengi bado wanapanga kwa kumbukumbu za zamani. Mwaka 2021 hadi 2023 mbio zilikuwa Juni, wakati wa vumbi. Mwaka 2024 zilihamia Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi, na 2025 zikawa tarehe 20 hadi 23 Machi, mvua za masika zinapoanza. Sasa ujiandae kwa yote mawili. Kedong ina vumbi laini kama unga wa ngano, madereva wa mbio huliita fesh-fesh, linalofunika mashimo na mawe. Mwaka 2021 dereva Kalle Rovanperä wa Ufini, akiwa anaongoza, alikwama ndani yake karibu na mwisho wa hatua. Madereva wa kukodi hukwama kwenye njia za watazamaji kwa sababu hiyo hiyo: presha ya tairi imeachwa ya lami. Shusha kutoka PSI 35 hadi 28 kwenye mawe, hadi 20 kwenye vumbi zito au matope, usiende chini ya 18 tairi lisije likatoka kwenye rimu. Ingiza fo wili kabla ya sehemu mbaya, si baada ya kukwama. Hakikisha gari lina pampu ya kurudisha upepo, kipimo cha presha, koleo, kamba ya kuvutia na sehemu imara ya kuifunga mbele na nyuma, vibao viwili vya kujinasulia vya kuweka chini ya tairi, na ubao wa kuweka chini ya jeki. Chujio cha hewa kikung'utwe kila jioni baada ya siku ya vumbi. Gari likipoteza nguvu na kutoa moshi mweusi, anzia hapo.

Ukishaegesha kando ya hatua hutoki hadi mbio zipite, na gari hili ndipo linapokuwa raha. Uwanda wa Soysambu una sehemu kubwa zisizo na kivuli, nawe una turubai, chai na chakula. Egesha pua ikielekea njia ya kutokea, mbali na majani makavu marefu, kwani ekzosi ya moto huyawasha. Magari yenye namba 000, 00 na 0, yanayotangulia kukagua njia, yakipita, watoto wawe wameshatulia nyuma ya kamba, upande wa watazamaji, kamwe si nje ya kona. Mtandao wa simu huelemewa Jumapili Hell's Gate, kwa hiyo lipa kiingilio na ada ya kambi mapema kupitia eCitizen, hifadhi ramani kwenye simu na beba noti kidogo.

Kwenye mkataba soma mambo manne: kikomo cha kilomita kwa siku, kiasi unacholipa mwenyewe kabla ya bima kuanza, kama tairi, vioo na hema vimo ndani ya bima, na kama barabara za vumbi zinaruhusiwa. Cheti cha bima kiseme kuwa gari ni la kukodishwa. Piga video ya gari lote wakati wa kulichukua, ikiwemo chini yake na ndani ya hema.

Mwisho, kodi hadi Jumatatu. Jumapili jioni barabara ya kurudi Nairobi hujaa, na anayekimbiza muda wa kurudisha gari hukunja hema lenye unyevu, hulirudisha na vumbi kwenye kila bawaba, kisha hukatwa amana kwa kusafisha. Jumatatu asubuhi unalianika hema juani saa moja, unafuta zipu kwa brashi kavu, na unarudi kupitia Mai Mahiu barabara ikiwa na nafasi.