Kuandika au kutamka: kipi hukaa kichwani?

Kwa orodha fupi, mimi nachagua sauti. Mwaka 2010 Colin MacLeod wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walionyesha kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa kuliko yaliyosomwa kimya: mdomo umeyatamka, sikio nalo limeyasikia. Ukienda soko la Kibuye, Kisumu, ukijisemea "omena gorogoro moja, nyanya, dania", hata dania haitakuponyoka upesi.

Kuandika ni kwa polepole, na faida yake iko hapo hapo. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kule Kondele, Kisumu, hawezi kudaka kila neno la mwalimu. Inabidi achague, afupishe, aweke kwa maneno yake. (Kunakili ubao bila kufikiri ni kumaliza wino tu.) Mchoro wa moyo wa binadamu unataka kalamu. Tarehe za historia? Azitamke, hata majirani wakilalamika.